Kisu Kinachofuata Nyuma: Wembe wa Kujitengenezea kwa Mashine Ndogo ya CNC

Kisu cha kuburutwa ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye mashine ya CNC mahali pa mota ya kuchongea, nacho hukata ngozi, karatasi ya gasketi, vinili ya stika, kadibodi na sponji bila kuzungushwa na umeme wowote. Wembe wake huvutwa tu juu ya kitu kinachokatwa, na kila mashine inapobadili mwelekeo, wembe nao hugeuka wenyewe na kufuata. Herufi CNC hutumika duniani kote kuzitaja mashine ambazo mwendo wake huongozwa kwa tarakimu zinazotolewa na kompyuta badala ya mkono wa fundi, na zile ndogo, za kuwekwa juu ya meza na kununuliwa na mtu mmoja kwa ajili ya kujifunza au kwa kazi ndogo ndogo, ndizo zinazohusika hapa. Hoja ya makala haya ni kwamba kisu hicho kinaweza kutengenezwa katika mazingira ya karakana za kawaida, kama zile zinazoweza kupatikana katika kata ya Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoani Singida, kwa sababu usahihi wote kinaoudai umekusanyika mahali pawili tu: wembe ugeuke bila kukwama, na umbali kati ya ncha yake na mhimili wa kugeukia ujulikane kwa hakika. Mengine yote yanaweza kuwa ya kukadiria, na fundi anayelijua hilo hapotezi siku tatu akisugua sehemu ambayo haina deni lolote la usahihi.

Mashine zenyewe zilianza zikiwa kubwa na za gharama isiyosemeka. Mwaka 1952, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mashine ya kuchonga vyuma iliyoongozwa kwa tarakimu zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi, kazi iliyotokana na wazo la John Parsons, aliyekuwa akitafuta njia ya kutengeneza kwa uhakika sehemu za ndege. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla uwezo huo haujashuka mezani. Mwaka 2005 walimu na wanafunzi katika mji wa Ivrea nchini Italia walianzisha Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki ya bei nafuu ambayo mtu yeyote anaweza kuipa maagizo yake, na mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud alitoa Grbl, programu ya bure inayoifanya bodi hiyo isome maagizo ya CNC na kuyageuza kuwa mwendo wa mota. Mambo hayo mawili yalipokutana, viwanda vya China vikaanza kuuza mashine zinazojulikana kwa namba 3018, yaani zenye eneo la kazi la milimita 300 kwa 180, ambazo hufika zikiwa vipande ndani ya boksi na kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe.

Afrika Mashariki haikubaki mtazamaji. Jijini Nairobi, Gearbox, iliyoanzishwa na Dkt. Kamau Gachigi, iliwafungulia wabunifu karakana yenye mashine za aina hii, na AB3D imekuwa ikiunda printa za pande tatu kwa kutumia pia sehemu zilizotolewa kwenye taka za kielektroniki. Dar es Salaam, STICLab imefanya kazi ya namna hiyo hiyo. Printa ya pande tatu na mashine ya CNC ni ndugu wa damu, kwa kuwa mota, bodi na lugha ya maagizo ni zile zile, na aliyekwisha kuunda moja hashindwi na nyingine. Hata hivyo mengi yaliyoandikwa juu ya karakana hizo yamehusu miji mikubwa, ilhali kazi ambazo kisu cha kuburutwa kinazifaa zaidi zipo kwa wingi vijijini.

Mkoa wa Singida unajulikana kote nchini kwa alizeti, na palipo na alizeti pana mashine za kukamulia mafuta, na palipo na mashine za kukamulia pana injini, pampu na vichujio ambavyo kila kimoja kina gasketi, yaani kile kipande chembamba kinachowekwa kati ya nyuso mbili za chuma ili mafuta, maji au hewa visipenye. Gasketi ikiharibika katika msimu wa kukamua, fundi hukata nyingine kwa mkono, mara nyingi kwa kuilaza karatasi juu ya chuma chenyewe na kuigonga ukingoni kwa nyundo hadi umbo lijichore, njia ambayo ni ya kale na inafanya kazi, lakini huzaa gasketi moja kwa wakati na kila moja ikitofautiana kidogo na ya kwanza. Umbo likishaingizwa kwenye kompyuta mara moja, kisu hukata la kwanza na la hamsini kwa kipimo kile kile. Ongeza hapo lebo za chupa za mafuta ya alizeti na za asali, stika za majina kwenye bodaboda, violezo vya kupakia rangi kwenye magunia, na ngozi ya viatu na mikanda katika eneo ambalo ng'ombe na mbuzi ni mali ya kila siku.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mota ya kuchongea inayokuja na mashine isitumike kwa kazi hizo. Mota hiyo hushika kichongeo kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichongeo hukata kwa kubandua vipande vidogo vidogo. Kwenye mbao na plastiki ngumu njia hiyo ni nzuri, lakini ngozi huchanika na kuacha manyoya, karatasi hunaswa na kujisokota, na vinili huyeyuka kwa joto na kuganda kwenye ncha. Vitu laini vinataka makali yanayopita mara moja bila kubandua chochote. Faida nyingine, ambayo wanaoishi mbali na umeme wa uhakika wataithamini kuliko wengine, ni kwamba kisu hakina mota: mashine ya 3018 hutumia umeme wa volti 24, na ikiondolewa mota ya kuchongea, kinachobaki kulishwa ni mota tatu ndogo za mwendo na bodi, mzigo ambao betri mbili za sola za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, kupitia kifaa cha kusawazisha volti, zinaweza kuubeba. Hakuna kelele, na hakuna vumbi la kuingia mapafuni.

Ili kuelewa jinsi wembe usiozungushwa na chochote unavyoweza kugeuka mahali sahihi, haihitajiki kwenda mbali zaidi ya njia ya shambani. Mkokoteni unaovutwa na ng'ombe hauongozwi wenyewe. Unaongozwa na mahali ulipofungwa. Ng'ombe wakienda mbele, magurudumu yanafuata moja kwa moja, na ng'ombe wakikata kona, magurudumu hayapiti pale kwato zilipopita, bali hukatiza kwa ndani, ndiyo maana mkokoteni uliopinda haraka langoni hugonga nguzo ya upande wa kona ingawa ng'ombe wenyewe walipita salama. Vigurudumu vya kitanda cha hospitali hufuata kanuni hiyo hiyo, kwa kuwa kila kimoja kimefungwa nyuma kidogo ya msumari wake wa kugeukia. Kisu cha kuburutwa ni kigurudumu cha namna hiyo kilichobadilishwa kuwa wembe: ncha inayokata imewekwa nyuma ya mhimili, na umbali huo kati ya mhimili na ncha, ambao katika makala haya utaitwa mkia, ndio unaokifanya kifuate. Bila mkia, wembe haungejua mbele ni wapi.

Mstari unaochorwa na kitu kinachoburutwa kwa namna hii uliwashughulisha watu wazito. Katika karne ya 17, Claude Perrault wa Paris aliiweka saa yake ya mfukoni mezani, akaivuta kwa mnyororo wake huku mwisho wa mnyororo ukifuata ukingo wa meza, akawauliza wanahisabati ni mstari gani unaochorwa na saa; Christiaan Huygens na Gottfried Leibniz wote wawili walilishughulikia swali hilo. Jibu lao lina manufaa kwa fundi wa leo. Mhimili ukipinda ghafla kwa pembe ya mraba, ncha haianguki mara moja kwenye mstari mpya, bali husogea taratibu kuuelekea, na mhimili unapokuwa umesafiri mara tatu ya urefu wa mkia, ncha bado ipo kando ya mstari kwa karibu sehemu moja ya kumi ya mkia. Kwa mkia wa milimita 1.5, hiyo ni karibu milimita 0.15, kiasi ambacho jicho halikioni kwenye ngozi. Lakini kona yenyewe imekwisha kuliwa, imekuwa ya mviringo mahali palipotakiwa pawe na ncha kali. Tiba yake imo kwenye maagizo ya mashine, na itaelezwa baada ya kifaa chenyewe.

Kifaa kina sehemu nne: nyumba, beringi mbili, shafti na wembe. Beringi zinazofaa ni za namba 608, ambazo tundu lake ni milimita 8, upana wa nje milimita 22 na unene milimita 7, nazo ni miongoni mwa beringi zinazopatikana kwa urahisi kuliko zote, kwa sababu zimo kwenye viatu vya magurudumu vya watoto na katika mota nyingi ndogo za umeme zilizokwisha kuungua. Nyumba yake inaweza kuwa kipande cha bomba la maji la chuma la robo tatu, kwa kuwa tundu la bomba hilo hukaribia sana milimita 22, likizidi au kupungua kidogo kufuatana na unene wa ukuta wake. Ndani ya bomba kuna mshono wa kiwandani unaojitokeza kama uzi, na huo lazima uondolewe kwa tupa ya nusu duara, kisha msasa uliozungushiwa kijiti upitishwe huku na huku hadi beringi iingie kwa kusukumwa kwa nguvu ya dole gumba na kugongwa kidogo. Anayeigonga aigonge kwenye pete ya nje tu, kwa kipande cha mbao, kwani nyundo inayoangukia pete ya ndani huzitia gololi alama ndogo zisizoonekana, na beringi yenye alama hizo hukwama kila inapofika mahali pale pale.

Kabla ya kufungwa, beringi huoshwa. Zile mpya hujazwa grisi nzito iliyokusudiwa kwa mizunguko ya kasi, na grisi hiyo huufanya wembe mwepesi uchelewe kugeuka. Kwa hiyo vifuniko vyake hubanduliwa kwa ncha ya kisu, grisi huoshwa kwa mafuta ya taa kama fundi baiskeli anavyofanya, na baada ya kukauka hutiwa tone moja la mafuta ya cherehani. Beringi mbili zisikae zikigusana. Zikitenganishwa kwa kipande cha kibomba ili vitovu vyake viwe na umbali wa milimita 25, mchezo wa milimita 0.02 katika beringi ya juu, yaani ule ulegevu mdogo ambao kila beringi inao, utaonekana kama milimita 0.024 kwenye ncha iliyo milimita 30 chini ya beringi ya pili. Zikibanana, ulegevu ule ule hufika karibu milimita 0.09, na mikato huanza kuyumba kama maandishi ya mtu anayeandika ndani ya basi.

Shafti ndiyo sehemu pekee inayotaka mashine ya kukerezea. Huanza kama kipande cha chuma laini cha duara chenye upana wa milimita 16, hukerezwa hadi milimita 8 kwa urefu wa kupita kwenye beringi zote mbili, na mwisho wa chini huachwa na kichwa cha upana wake wa awali chenye urefu wa milimita 20. Kazi hiyo inaweza kupelekwa mjini Singida, ambako zipo huduma za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na chuo cha ufundi cha VETA, na kwa mkerezaji mzoefu ni kazi ndogo. Kinachofuata ni cha mkono, na ndicho kinachoamua iwapo kisu kitakata sawasawa au kitavuta upande. Kichwa hubanwa kwenye jiliwa na kupigwa tupa ubavuni hadi nusu yake iondoke, ili kubaki uso bapa unaopita karibu na kitovu; wembe hulazwa juu ya uso huo, na kwa kuwa ni katikati ya unene wa wembe panapotakiwa kulingana na mhimili, chuma kinachobaki hakiwi nusu kamili. Wembe wenye unene wa milimita 0.38 hudai kibaki kichwa cha milimita 7.8, kwa maana ya nusu ya 16, ambayo ni 8, ukitoa nusu ya unene wa wembe. Fundi hupiga tupa mara chache, hupima kwa kalipa ya vernia kwenye ncha na kwenye shina la uso, hupiga tena, na sehemu ya kumi ya mwisho ya milimita huondolewa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, si kwa tupa. Wembe ukikaa kando ya mhimili hata kwa milimita 0.3, kifaa hakitakataa kukata, ila mstari wa kwenda na mstari wa kurudi haitakutana, na mtu anaweza kuhangaika juma zima akiilaumu kompyuta.

Wembe wenyewe ni ule wa kisu cha ofisini chenye mistari ya kuvunjia, ambao vipande vyake huvunjwa kimoja kimoja kila ncha inapokufa. Ulibuniwa mjini Osaka mwaka 1956 na Yoshio Okada, ambaye baadaye kampuni yake ilijulikana kwa jina la Olfa. Wazo lake lilitokana na vipande vya chokoleti vinavyomeguka kwenye mistari yake na vigae vya kioo ambavyo mafundi viatu walivitumia kukatia. Aina nyembamba ina upana wa milimita 9, na mistari yake ya kuvunjia imelala kwa takribani nyuzi 60 kutoka kwenye makali. Ukiinamishwa nyuzi 30 hivi, makali yakitazama mbele na sehemu yake ya juu ikitangulia, ncha huelekea chini kama ya mkuki na huweza kukaa milimita 1.5 nyuma ya mhimili huku mwili wa wembe ukibaki ndani ya upana wa kichwa. Kijibamba cha chuma na skrubu mbili za milimita 3 huubana. Kwa kazi za vinili peke yake zipo nyembe ndogo za viwandani zenye umbo la kijiti ambazo mkia wake ni milimita 0.25 tu, nazo ni bora kuliko huu kwa herufi ndogo. Wembe wa ofisini unazishinda kwa kitu kinene na kwa bei.

Haifai kumalizia sehemu hii bila kukumbuka kwamba Iramba imewahi kushiriki katika kazi kubwa ya kubuni kwa kutumia karakana isiyokusudiwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Wajerumani ulipokatiwa njia ya bahari na kukosa sarafu, dhahabu iliyochimbwa Sekenke, wilayani humo humo, ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 karakana ya reli, iliyojengwa kutengeneza mabehewa, ikapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Sarafu hizo leo hutafutwa na wakusanyaji duniani kote, ingawa jasho la Waafrika waliochimba dhahabu hiyo halijapata wa kulikusanya. Kwa fundi, jambo la kutazama ni hili: mashine za reli hazikuwa za kupigia sarafu, na hazikuhitaji kuwa hivyo, kwa kuwa usahihi wote uliwekwa kwenye muhuri uliochongwa kwa mkono, na mashine ikaachiwa kazi ya nguvu tu. Kisu cha kuburutwa kimegawanya kazi kwa namna hiyo hiyo, wembe na beringi vikibeba usahihi, bomba na mbao vikibeba uzito.

Mbao, kwa sababu kifaa kikikamilika hufungwa mahali pa mota, na kwa kuwa bomba ni jembamba kuliko mota, nafasi hujazwa kwa pete ya mti mgumu kama mninga, iliyopasuliwa upande mmoja ili kishikio cha mashine kiikaze. Kuitoa mota kabisa ni njia bora kuliko kukibana kisu kwenye mdomo wa mota, ingawa wengi hufanya hivyo. Agizo moja lililosahaulika la kuwasha mota, ambalo katika lugha ya mashine huandikwa M3, litauzungusha wembe maelfu ya mara kwa dakika na kuurusha vipande vipande usoni kwa mtu. Anayekata avae miwani hata mota ikiwa imetolewa, kwa sababu wembe wa kuvunjika umeundwa uvunjike.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kompyuta. Karatasi nyeupe hulazwa chini ya kisu, ncha huteremshwa hadi iguse tu, kisha kichwa huzungushwa kwa vidole mzunguko mmoja kamili. Ncha itachora duara. Upana wa duara hilo ukigawanywa kwa mbili ndio mkia halisi, na kama duara ni la milimita 3.2, basi mkia ni 1.6, haidhuru fundi alikusudia 1.5; namba inayoingizwa kwenye programu ni ile iliyopimwa, si ile iliyotamaniwa. Duara hilo hilo hutoa ushahidi mwingine: mwisho wake usipoangukia juu ya mwanzo wake, kuna mchezo kwenye beringi au skrubu imelegea, na vidole vikihisi mahali pazito katika mzunguko, beringi ina uchafu. Karatasi moja ya daftari inatosha kumwambia fundi karibu kila anachohitaji kukijua.

Mashine huelewa maagizo mafupi ya herufi na namba. Mota zake husogea kwa hatua, 200 kwa mzunguko, na bodi huigawa kila hatua mara 16, hivyo mzunguko mmoja ni visehemu 3,200. Skrubu ndefu inayosogeza meza ikiwa inasonga milimita 4 kwa mzunguko, kila milimita hupata visehemu 800, usahihi unaozidi mbali mahitaji ya kukata ngozi. Agizo kama G1 X40 F600 humaanisha: nenda kwa mstari ulionyooka hadi milimita 40 upande wa kulia, kwa mwendo wa milimita 600 kwa dakika. Sasa, kona. Ichukuliwe kwamba kisu chenye mkia wa 1.5 kinakata upande wa chini wa mraba wa milimita 40 kuelekea kulia. Mhimili ukisimama kwenye 40, ncha iko kwenye 38.5, nyuma ya kona. Kwa hiyo mhimili huamriwa upitilize hadi 41.5, na hapo ndipo ncha inakuwa imefika konani kamili. Kisha mhimili huzunguka kona kwa tao dogo lenye nusu kipenyo cha 1.5, agizo lake likiwa G3 X40 Y1.5 I-1.5 J0, na katika tao hilo ncha husimama mahali pamoja na kugeuka tu, kama mchezaji ngoma anayegeukia kisigino; mwishowe mhimili hupanda hadi Y41.5 kwa ajili ya kona inayofuata. Mwenye mkokoteni hufanya jambo hilo hilo bila kuliandika popote, anapowapitisha ng'ombe mbele zaidi ya lango kabla ya kuwageuza. Fundi hahitaji kuandika maagizo haya kwa mkono kwa kila umbo, kwani umbo linaweza kuchorwa kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, na zipo programu zinazoongeza matao ya konani zenyewe zikipewa urefu wa mkia. Lakini aliyeyaandika mwenyewe walau kwa mraba mmoja atajua mahali pa kutazama siku mikato itakapopotoka.

Duara lina hesabu yake. Mhimili ukizunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha milimita 10, ncha yenye mkia wa 1.5 huchora duara dogo kidogo, na kanuni ya Pythagoras inayofundishwa sekondari hutoa jibu: kipeuo cha pili cha 100 ukitoa 2.25, ambacho ni 9.89, pungufu ya milimita 0.11. Kwa duara la nusu kipenyo cha 3, upungufu hufika milimita 0.4, na tundu la bolti haliwezi kuvumilia hivyo. Programu inaweza kulifidia hilo, ila katika matundu madogo wembe pia huinama na kukuna kingo, na hapa uamuzi wa busara ni kukiachia kisu mzunguko wa nje na madirisha makubwa ya gasketi, kisha matundu ya bolti yatobolewe kwa kipande cha bomba kilichonolewa mdomo na kugongwa kwa nyundo, mashine ikiwa imeweka alama za vitovu vyake.

Chini ya kitu kinachokatwa huwekwa kitu laini ambacho ncha inaweza kukiingia bila kufa, na kipande cha kapeti la plastiki la sakafuni hufaa sana, mradi kimebandikwa kikiwa bapa. Vinili na karatasi hukatwa kwa mpito mmoja. Ngozi ya milimita 2 hukatwa kwa mipito minne ya nusu milimita, kwani wembe unaozamishwa wote mara moja hukataa kugeuka konani, huipinda shafti, na fremu nyepesi ya mashine ya mezani hujikunja kabla ngozi haijakubali. Kila mkato huanzia nje kidogo ya umbo, kwenye sehemu ya kutupwa, ili wembe upate nafasi ya kujielekeza. Aliyeacha kisu kikitazama nyuma na kuanza kukata kuelekea mbele ataona milimita mbili za kwanza zimechimbwa kama kwa ukucha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, bodi husahau mahali ilipokuwa, na kuendelea ni kubahatisha. Njia iliyo salama ni kuanza kila kazi kutoka pembe moja ya meza iliyowekewa alama ya kudumu, ambayo ncha inaweza kurudishwa juu yake umeme unaporudi, na kutoibandua gasketi au ngozi hadi mkato uishe. Na kila wembe unapovunjwa ili kupata ncha mpya, duara la karatasi huchorwa upya kabla ya kukata chochote cha thamani, maana ncha mpya haikai kamwe mahali pale pale ilipokaa ya kwanza, na mkia wa jana ulioachwa kwenye programu utazizungusha kona zote za leo.